Besi Kwenye Bendi ya Kopi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mchana nafanya kazi ya uhasibu kwenye ofisi ya mizigo hapa Dar es Salaam. Ijumaa na Jumamosi usiku napiga gitaa la besi. Nilianza mwaka 2008, nimepitia bendi tatu, zote za kopi, na sijawahi kuishi kwa muziki peke yake. Maswali haya huulizwa na vijana wakati tunakunja waya baada ya shughuli, na mengine huja kwa simu siku ya pili yake. Nimeyapa namba ili pale jibu moja linapogusa lingine nikuelekeze tu.

## Mwanzo

1. Bendi ya kopi ni bendi gani hasa?

Ni bendi inayopiga nyimbo za watu wengine. Bendi kubwa za dansi zimesimama kwa tungo zao: Msondo ambao walianza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, na Sikinde, yaani Mlimani Park, walioanza 1978. Sisi wa kopi tunapiga za hao, na za Morogoro Jazz, za ukoo wa Wanyika (bendi kama Simba Wanyika na Les Wanyika), rumba ya Kongo, rege, na Bongo Fleva inayovuma mwezi huo, zote usiku mmoja, kwenye harusi, hoteli au baa.

Wapo wanaoidharau kazi hii. Mimi naiheshimu. Nimeona mama mtu mzima akiinuka kwenye kiti mara aliposikia sauti nne za kwanza za wimbo wa ujana wake, kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Sauti hizo nne zilikuwa za besi, na kazi yangu ilikuwa kuzipiga kama anavyozikumbuka.

2. Kwa nini besi, badala ya solo?

Wengi hupewa besi kwa sababu nafasi ya solo imeshajaa, nami nilianza hivyohivyo. Nilibaki kwa sababu nyingine. Mpiga besi anakaa kati ya ngoma na magitaa. Yeye ndiye anayeamua kodi, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, inahama lini, na wachezaji wanamfuata kwa miguu hata kama hawajui wanamfuata nani. Solo akinyamaza kidogo, wimbo unaendelea. Besi ikinyamaza bila mpango, watu wanageuka kutazama jukwaa.

Kama furaha yako ni kutazamwa, chukua solo. Kama furaha yako ni kuona ukumbi mzima unayumba pamoja, karibu huku.

3. Nianze na nyuzi nne au tano?

Nne: E, A, D na G, kuanzia nene kwenda nyembamba. Karibu zilipendwa zote zilirekodiwa kwa nyuzi nne. Uzi wa tano, B ya chini, utauhitaji baadaye ukipiga nyimbo za siku hizi (swali la 13). Shingo ya nyuzi tano ni pana, na anayeanza huhangaika kuzuia uzi asioupiga usilie.

4. Sijui kusoma noti. Nitaweza?

Utaweza. Wengi wetu tumetoka kwaya, na kwaya zimetufundisha sol-fa. Hiyo inatosha kuanzia. Wimbo wa kodi tatu ni do, fa na so. Ukiwa kii ya G, yaani wimbo umesimama juu ya G, do ni G, fa ni C, so ni D. Ukihamia kii ya A, do ni A, fa ni D, so ni E, na umbo la vidole ni lilelile, limesogea freti mbili tu, yaani vyuma viwili vya shingoni. Mpiga kinanda akikuonyesha vidole vinne anamaanisha nenda fa. Vitano, nenda so. Lugha hiyo ya vidole ndiyo inayotumika jukwaani, kwa hiyo jifunze hiyo mapema kuliko noti za mistari mitano.

5. Itachukua muda gani kabla ya kupanda jukwaani?

Ukifanya mazoezi nusu saa kila siku, miezi sita inatosha kupiga nyimbo kumi nyepesi na bendi yenye subira. Nusu saa ya kila siku inazidi saa nne za Jumapili, maana vidole husahau haraka.

## Vyombo

6. Ninunue gitaa jipya la bei rahisi au la mtumba?

La mtumba, kama una mtu wa kukusaidia kulikagua. Shika mwili wa gitaa, weka jicho mwisho wa shingo, utazame kama fundi seremala anavyotazama ubao: inapaswa kuwa karibu kunyooka. Bonyeza kila freti ya kila uzi, sikiliza kama kuna inayokwaruza au inayotoa sauti ya jirani yake. Kisha piga uzi wazi, halafu uleule kwenye freti ya 12. Lazima iwe sauti ileile, oktava moja juu, kama do ya chini na do ya juu. Ikipishana kidogo, fundi atasogeza daraja, pale nyuzi zinapokalia kwenye mwili wa gitaa. Ikipishana sana wakati shingo imepinda, liache.

Zungusha vitufe vya sauti. Vikikwaruza ni vumbi tu. Na uliza kama gitaa linatumia betri. Magitaa mengi ya aina hiyo hutumia betri ya volti 9, na betri hiyo inaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata gitaa likiwa limelala. Chomoa waya kila ukimaliza. Nilijifunza hilo kwenye mahafali, wimbo wa pili, sauti ilipoanza kukoroma kisha ikazimika kabisa mbele ya wazazi na wahitimu. Tangu siku hiyo betri ya akiba inakaa kwenye mfuko wa gitaa pamoja na bisibisi.

7. Nyuzi zangu zinaota kutu upesi. Nifanyeje?

Hewa ya bahari na jasho ndiyo sababu. Mpiga besi wa Dar, Tanga au Mombasa hawezi kulikwepa hilo. Futa kila uzi kwa kitambaa kikavu mara tu ukimaliza, juu na chini yake. Nyuzi zikishafifia, zichemshe: zivue, zikunje mviringo, ziweke kwenye sufuria ya maji yanayochemka kama dakika kumi, zianike zikauke kabisa kabla ya kuzirudisha. Uchafu ulioganda kwenye mizunguko ya waya unatoka, na mng'ao wa sauti unarudi kwa wiki moja au mbili. Inatosha kukuvusha mpaka mwisho wa mwezi. Zilizokwisha kutu hazifufuki.

Kwa zilipendwa, mimi sizipendi nyuzi mpya kabisa. Zinalia kama kengele. Uzi uliozeeka kidogo unakaa vizuri na tumba.

8. Nyumbani besi inasikika safi. Kwa nini ukumbini inazama?

Swali hili nimeulizwa kuliko yote, na jibu lake lina sehemu mbili.

Ya kwanza ni nguvu. Uzi wa E ukiwa wazi hutetema mara 41 kwa sekunde. Sauti ya chini hivyo inahitaji spika isukume hewa nyingi, kwa hiyo amplifaya inayomtosha mpiga solo haikutoshi wewe. Chumbani wati 30 zinatosha. Mbele ya dramu na magitaa mawili, chini ya wati 200 utakuwa unaibana amplifaya mpaka ikwaruze.

Ya pili ni pale watu wengi wanapokosea. Wakiona hawasikiki wanaongeza kitufe cha sauti za chini. Ukumbi wa kuta za saruji na bati juu tayari unavuma chini. Ukiongeza, unapata ngurumo isiyo na sauti. Punguza sauti za chini kidogo, ongeza za katikati. Nyumbani katikati inasikika mbaya, kama mtu anayezungumza puani, lakini ndiyo inayopenya kati ya tumba na magitaa. Baada ya kurekebisha, shuka jukwaani, tembea mpaka meza ya mwisho huku mwenzako akipiga, usikilize kutoka kule. Pale ulipo, mita moja mbele ya spika yako, hupati habari ya kweli.

9. Napigwa shoti nikigusa maiki kwa mdomo. Ni gitaa?

Kwa kawaida gitaa halina kosa. Amplifaya yako na mitambo ya maiki vimechomekwa kwenye soketi mbili tofauti, mojawapo haina waya wa ardhi, nawe umekuwa daraja kati yake. Hili si jambo la kuvumilia. Shoti ya hivyo inaweza kuua. Mwambie fundi mitambo achukue umeme wa jukwaa lote kutoka chanzo kimoja chenye waya wa ardhi, na apime kwa testa kabla mtu hajaimba. Usikate kamwe pini ya ardhi ya plagi ili iingie kwenye soketi. Kama ukumbi hautaki kurekebisha, usiimbe, na usishike maiki huku umeshika nyuzi.

## Kunakili nyimbo

10. Naanzaje kunakili mstari wa besi?

Acha kusikilizia kwenye spika ya simu. Spika ile ndogo haitoi sauti za chini kabisa. Unachosikia ni kivuli cha besi, na utanakili oktava isiyo yake. Vaa hedifoni.

Sikiliza wimbo mzima mara tatu bila kugusa gitaa. Mara ya nne uimbe mstari kwa mdomo, *dum, dudu-dum*, mpaka uweze kuuimba ukiwa unaosha vyombo. Ambacho huwezi kukiimba huwezi kukipiga. Ndipo ushike gitaa utafute sauti ya kwanza.

Sasa jambo ambalo lilinichukua miaka miwili kulielewa: nakili mapengo kabla ya kunakili sauti. Nilipokuwa nahangaika na wimbo wa Les Wanyika uitwao Sina Makosa, nilikuwa na sauti zote sahihi. Nimezihakikisha moja moja. Bado bendi ilikuwa inasikika nzito, kama gari lililopakia kupita kiasi. Mpiga dramu wetu, mzee aliyepiga kwenye kumbi za Nairobi enzi hizo, akaniambia, "Mwanangu, Tom Malanga alikuwa ananyamaza. Wewe hunyamazi." Malanga ndiye mpiga besi wa Les Wanyika. Nikarudi nyumbani, nikasikiliza upya nikiwa natafuta pale besi inapokata. Kumbe kila sauti nilikuwa naiacha ilie mpaka inayofuata. Yeye alikuwa anaikata, na kwenye nafasi ile ndogo ndipo magitaa yalikuwa yanapumua. Nikaanza kuzima uzi kwa kiganja cha mkono wa kushoto, na jioni iliyofuata yule mzee hakusema kitu, alitabasamu tu akaendelea kupiga.

Kwa hiyo kwenye daftari langu, chini ya kila sauti ninayoandika, naweka alama ya urefu wake. Ya kuzima naiwekea nukta.

11. Mbona nikicheza na rekodi ya zamani sipatani nayo hata gitaa likiwa sawa?

Rekodi nyingi za zilipendwa zilipita kwenye tepu, zikahamishwa kwenye kaseti, kisha kwenye kompyuta. Mashine ikizunguka kasi kidogo au taratibu kidogo, wimbo mzima unapanda au kushuka, ukakaa katikati ya kii mbili. Gitaa lako liko sahihi, na wimbo umehama. Kwa mazoezi ya nyumbani, geuza vitasa vya kukazia nyuzi ufuate rekodi. Ukienda kwa wenzako rudisha kwenye kipimo cha kawaida, A ya mitetemo 440 kwa sekunde, na mkubaliane kii iliyo karibu.

12. Nyimbo za dansi zinabadilika katikati. Besi inafanya nini pale?

Wimbo wa dansi huwa na sehemu ya taratibu ambapo hadithi inaimbwa, kisha unageuka kuwa wa kasi: wenzetu wa Kongo wanaita sebene, sisi tunaita chemko. Kwenye sehemu ya taratibu besi inatembea na mwimbaji. Inamwachia neno, inajibu mwisho wa mstari.

Kwenye chemko unashika umbo fupi na kulirudia dakika tano, saba, wakati mwingine zaidi. Hapo ndipo anayeanza huchoka akaanza kuongeza mapambo. Usiongeze. Magitaa yanasukana juu, tumba zinazungumza, na wewe ndiye mwenye kushikilia sufuria. Tena mara nyingi umbo la sebene halitui kwenye pigo la kwanza. Linaruka pigo lile, linatua baadaye, na kwa sababu hiyo mwili wa mchezaji unavutwa mbele. Ukilazimisha kutua kwenye pigo la kwanza, ngoma inakuwa ya gwaride. Mapengo tena, kama nilivyosema kwenye swali la 10.

Jifunze pia ishara ya kugeuka. Kwenye bendi yetu ni mpiga ridhimu, mwenye gitaa la kushika kodi, anayeinua shingo ya gitaa. Bendi nyingine ni dramu. Uliza kabla ya kupanda jukwaani.

13. Bongo Fleva na amapiano zina besi ya kompyuta. Nazipigaje?

Besi hizo zinashuka chini ya E yako. Una njia tatu: gitaa la nyuzi tano, ambalo B yake hutetema kama mara 31 kwa sekunde, kulegeza uzi wa E mpaka D, au kupiga oktava ya juu ukimwachia mpiga kinanda ile ya chini. Kwa amapiano, mtindo uliotoka Afrika Kusini, ile besi ya kugonga kama gogo inakaa vizuri zaidi kwenye kinanda. Mimi humwachia kinanda mstari wote, nikapiga sauti chache sana fupi pamoja na teke la dramu, ile ngoma kubwa ya mguu. Hakuna aibu kupiga kidogo kwenye wimbo usiokuhitaji sana.

14. Mwimbaji anabadilisha kii dakika ya mwisho. Nafanyaje?

Amepata mafua, anataka kushuka toni nzima. Ni haki yake. Tatizo ni kama ulijifunza mstari kwa kutegemea nyuzi wazi: kii ikihama, uzi wazi haupo tena mahali pake. Kwa sababu hiyo kila wimbo ujifunze kwa njia mbili, moja yenye nyuzi wazi na nyingine yenye vidole vyote vimebonyeza. Bendi zenye tarumbeta na saksafoni hupenda B-flati na E-flati kwa sababu ya maumbile ya vyombo hivyo, na huko nyuzi wazi hazikusaidii sana.

15. Nipige kama ilivyorekodiwa au niweke vyangu?

Mwaka wa kwanza, kama ilivyorekodiwa, hadi mapengo. Huwezi kujua kwa nini mtu aliweka sauti pale mpaka umeipiga mara mia. Baadaye utapata nafasi zako mwenyewe, hasa mwisho wa mizunguko. Lakini mstari wa mwanzo wa wimbo unaofahamika usiuguse. Watu wamekuja kwa ajili ya huo.

Wapiga besi wengi wa nyimbo hizi hawakuandikwa majina kwenye majalada ya sahani za muziki. Ukipiga mstari wao kwa uaminifu unawapa kile kidogo ambacho jalada halikuwapa. Hilo nalichukulia kwa uzito.

## Mazoezi na wenzako

16. Nifanyeje tupatane na mpiga dramu?

Kaa upande wa mguu wake, uone teke. Fanyeni mazoezi wawili tu, bila gitaa wala mwimbaji, hata saa moja kwa mwezi. Chagueni wimbo mmoja, mpige mkianza polepole kupita kawaida. Kwenye mwendo wa polepole ndipo uchafu unaonekana. Kama amekuzidi umri, mwamkie kwanza, msaidie kubeba vyombo, na maoni yako yapeleke kama swali: "Mzee, pale mwisho wa beti tunakutana wapi?" Bendi nyingi nilizoona zikivunjika hazikuvunjika kwa muziki.

17. Hatuna mahali pa mazoezi.

Darasa la shule Jumapili mchana, ukumbi wa kanisa, baa kabla haijafunguliwa. Amplifaya ndogo, dramu zimefunikwa kitambaa. Nyimbo nyingi unaweza kuzifanya hata bila umeme, mkiwa mmekaa duara na kupiga makofi.

18. Nimekosea jukwaani. Nifanye nini?

Kosa moja la sauti hakuna atakayelikumbuka, endelea. Kosa la kii ni tofauti. Kwenye harusi moja, maharusi wakiwa mlangoni, mimi nilianza kwenye A wakati wenzangu walikuwa B-flati. Freti moja tu chini, lakini sikio linauma. Nilihisi mgongo umepata baridi. Nikafanya nilichofundishwa: nikazima nyuzi zote kwa viganja viwili, nikamwacha dramu na magitaa wapite mapigo manne bila mimi, nikatazama mkono wa mpiga ridhimu, nikaingia kwenye pigo la kwanza linalofuata. Kwenye video ya harusi inasikika kama besi iliingia kwa kuchelewa kwa makusudi.

Kunyamaza ni bora kuliko kutafuta sauti sahihi kwa sauti kubwa.

## Shughuli na pesa

19. Shughuli ya harusi inakwendaje kwa bendi?

Mnafika saa nane mchana kufunga vyombo, kadi imeandika saa kumi na mbili, maharusi wanaingia saa mbili usiku. Halafu mshereheshaji ndiye mwenye saa. Utapiga kuingia kwa maharusi, kisha utakaa: utambulisho, keki, chakula, zawadi za pande mbili na kila kundi lina wimbo wake. Dansi lenyewe linaanza ukumbi ukikaribia muda wa kufungwa. Kula mapema. Onana na mshereheshaji kabla watu hawajafika, mwandikie orodha, mkubaliane nani anampa nani ishara. Na kila mara gitaa likirudi baada ya kukaa saa moja kwenye joto, lipime upya kabla ya kupiga. Nyuzi huwa zimehama.

20. Tunagawanaje pesa?

Toa gharama kwanza, kisha sawa kwa sawa, mbele ya wote, usiku uleule. Tuseme mmepata 800,000. Usafiri wa vyombo 100,000, fundi mitambo 60,000, mfuko wa bendi 80,000. Zinabaki 560,000, mko saba, kila mmoja 80,000. Mwenye kumiliki vyombo akitaka fungu la ziada, mkubaliane mwanzoni na liandikwe. Pesa za kutuzwa zinazobandikwa mwimbaji kwenye paji la uso ziingie chungu kimoja; sisi tuliamua hivyo baada ya ugomvi mrefu, na uamuzi huo umetuletea amani.

Chukueni nusu ya malipo kabla ya siku yenyewe. Kuna mwenye ukumbi mmoja alituambia tuje Jumatatu kuchukua chetu, tukaenda Jumatatu nne. Makubaliano yale yalikuwa ya mdomo. Siku hizi tunaandika karatasi moja: tarehe, saa, kiasi, nani analipa, na chakula cha watu wangapi.

21. Je, tunahitaji ruhusa kupiga nyimbo za watu?

Kupiga wimbo wa mtu mwingine hadharani ni jambo la hakimiliki, hata kama hujarekodi chochote. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ndiyo inayosimamia. Kabla ya kusaini kazi ya kudumu, ulizeni mwenye ukumbi kuhusu leseni yake, nanyi mwende COSOTA mkaulize upande wenu. Kurekodi kopi na kuiuza ni habari nyingine kabisa: pale lazima mpate idhini ya mwenye wimbo. Jukwaani, tajeni mtunzi. Ni sekunde tano.

22. Umeme ukikatika katikati ya wimbo?

Dramu na tumba ziendelee, waimbaji waimbe bila maiki, watu wapige makofi. Wewe zima amplifaya mara moja, maana umeme hurudi kwa kishindo na spika hufa wakati huo. Iwashe baada ya dakika moja au mbili, umeme ukitulia.

## Mwili, nyumba, na mengine

23. Vidole vinatoka malengelenge, bega linauma.

Malengelenge yatapona na ngozi itakomaa. Usiyapasue, pumzika siku mbili. Bega ni mkanda. Gitaa la besi lina uzito wa kama kilo 4, na ukisimama nalo saa tano kwa mkanda mwembamba utaamka huwezi kuinua mkono. Nunua mpana. Ganzi kwenye vidole ikikaa zaidi ya siku chache, mwone daktari.

24. Masikio yanalia nikirudi nyumbani. Ni kawaida?

Hutokea kwa wengi, lakini ni madhara. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unagawanyika nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15. Jukwaa la bendi hufika hapo kwa urahisi. Vaa vizibo vya masikio, na usisimame usawa wa matoazi. Mimi nilichelewa, na sikio la kushoto lina mluzi usioondoka.

25. Jumamosi napiga baa, Jumapili napiga kanisani. Inafaa?

Mweleze mchungaji au kiongozi wa kwaya wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu. Wapo watakaokubali, wapo watakaokutaka uchague, na uamuzi wao uuheshimu. Mimi niliambiwa nisipige madhabahuni kwa miaka miwili. Niliumia, lakini niliimba nikiwa kwenye benchi kama wengine.

26. Dada anaweza kupiga besi?

Anaweza, na nimepiga na mmoja aliyenizidi kwa mbali. Carol Kaye wa Marekani alipiga besi kwenye maelfu ya rekodi za studio. Vidole vifupi si kizuizi. Yapo magitaa ya shingo fupi, ya inchi 30 badala ya 34. Kinachowakwaza dada zetu ni kurudi nyumbani saa tisa usiku. Bendi inayotaka kuwa na mpiga besi wa kike ipange usafiri wake mpaka mlangoni.

27. Nimeitwa deiwaka, kibarua cha siku moja, kwenye bendi nisiyoijua. Niende?

Nenda, ni shule kubwa. Omba orodha ya nyimbo na kii zake siku mbili kabla, hata kama watakutumia kwa sauti. Uliza nani anatoa ishara ya kugeuka. Kubaliana malipo kwa kiasi, kisiwe "tutaona". Fika mapema, umwamkie kila mtu, ukae jirani na dramu.

Wimbo usioujua ukianza, geuza kitufe cha sauti mpaka chini, tazama mkono wa mpiga ridhimu mzunguko mmoja mzima, kodi zikitulia kichwani panda taratibu na sauti za do peke yake. Mzunguko wa tatu utakuwa umeshaona wapi pa kupiga na wapi pa kuacha.